Tuisheni ya Mama Nanzala

Jumapili Wabuge aliposimama kanisani na kutangaza kwamba mke wake ameamua kwenda tuisheni, mke mwenyewe, Nasike, alikuwa ameketi nyuma yake, na ndiyo mara yake ya kwanza kusikia habari hizo.

"Bwana asifiwe, ndugu zangu," Wabuge alianza, na kanisa likaitikia amina. Alikuwa amevaa koti lake la harusi ambalo sasa lilikataa kufungika vifungo. "Mnamjua Mama Nanzala wangu. Mwaka huu anarudia mtihani wa Form Four. Anataka kuwa nesi. Sasa tumepata senta kule mtaa wa West Indies, ina walimu wa digrii watupu. Naomba mtushike mkono."

Nasike aliinama akajifanya anatafuta leso ndani ya mkoba. Uso ulikuwa unamwaka moto. Ameamua? Ameamua lini? Lakini lile kanisa la mabati la Huruma halina kawaida ya kuchelewa jambo likishasemwa. Kabla hajainua kichwa kikapu kilikuwa kinazunguka, vigelegele vinapaa, na Mildred, mweka hazina wa kina mama, mwanamke wa sauti kavu ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila kitambaa kichwani, alikuwa amekwisha kuketi kwenye meza ya mbele anapokea. Na watu wakatoa! Fundi wa viatu alitoa, muuza sukumawiki alitoa, hata jirani mmoja ambaye Nasike alijua vyema kwamba juzi tu alikuwa anakopa unga, naye alitoa. Halafu wakamwita mbele, wakamwekea mikono, wakamwombea kwa sauti kubwa.

Wewe ungefanyaje? Alisema asante, akarudi kukaa.

Njiani kurudi nyumbani hakumngoja mumewe apumue.

"Baba Nanzala, mbona hukuniuliza?"

"Nilitaka kukufurahisha."

"Nilikwambia nasoma mwenyewe. Nilikwambia tangu Januari."

"Mwenyewe wapi? Kwa kibanda? Mtu atasoma aje na vichwa vya watu kwa mikono?" Wabuge alicheka ili kupunguza makali. "Mimi hii welding sikuokota. Kuna mtu alisimama mbele yangu akanifundisha. Kitu ya maana lazima mtu asimame mbele yako."

Watu wa kanisa walikuwa wakiwapita na kumpungia mkono, naye Nasike akapunga pia. "Nesi wetu!" walimwita. Nesi wao! Na bado hata mtihani hajaufanya.

*

Sasa hapa lazima nikueleze Nasike alivyokuwa akisoma, maana ukisikia mtu anasoma mwenyewe utadhani anajifungia chumbani na taa. Nasike hana chumba cha kujifungia. Ana kibanda cha kusuka nywele, mbao mbele na mabati nyuma, viti viwili na kioo chenye ufa, na kazi ya kusuka humweka mtu amesimama kutwa nzima. Rasta nyembamba zinaweza kula siku yote. Mikono ya msusi haina nafasi hata ya kujikuna pua. Lakini mteja je? Mteja ameketi tu, mikono iko mapajani, anatafuta umbea wa kusikiliza.

Basi Nasike aliwapa kitabu. Kama mchezo alianza na msichana mmoja wa shule aliyekuwa likizo: nisomee ukurasa huu, nitakupunguzia bei kidogo. Akasomewa habari za moyo na mishipa ya damu huku anagawa mistari ya kichwa. Akaona ajabu: yale maneno yaliingia yakakaa. Tangu hapo kila mteja aliyejua kusoma alikabidhiwa kitabu cha Biolojia, au Historia, au karatasi ya mtihani wa zamani, naye Nasike akajibu kutoka nyuma ya kichwa cha mtu. Alikuwa amekwisha kujisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi katika shule moja ya karibu. Alitaka C tu. C ndiyo iliyokuwa ikisimama kati yake na chuo cha uuguzi, na mara ya kwanza aliikosa kwa kidogo sana. Yeye na Wabuge walikuwa wamekubaliana kwamba hii ni mara moja, haitarudiwa tena. Akiikosa C, basi ni kusuka mpaka uzeeni.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kikimkera. Jioni alipomwomba Wabuge amuulize maswali mawili matatu, Wabuge kila mara alikuwa na udhuru. Macho yanamuuma kwa ajili ya moto wa welding. Anataka kusikiliza habari. Ameitwa na jirani. Nasike akahesabu kwamba mwanamume huyu hajali.

*

Jumatatu alifunga kibanda saa sita mchana, akapanda kwenda West Indies. Senta ilikuwa ghorofani, juu ya duka la kuuza magodoro. Mlangoni alimkuta kijana mwembamba mwenye tai, Mwalimu Macharia, ambaye huenda Nasike alikuwa akisuka watu kabla yeye hajaanza shule.

"Mzazi, mambo ya fees ni ofisini, huko chini," alimwambia kwa adabu.

"Mimi ni mwanafunzi."

Darasa zima liligeuka, halafu likacheka. Si kicheko cha ubaya sana, lakini kicheko ni kicheko. Mwalimu mwenyewe aliona haya. "Pole, mum. Karibu. Utakaa pale nyuma, ndio usizibie wenzako."

Mum! Alikaa nyuma. Nisimwonee yule kijana, alikuwa anajua kazi yake. Aliandika ubaoni mbio mbio, akafuta, akaandika tena, na wote wakanakili bila kuinua shingo. Hakuna aliyeuliza swali, kwa sababu muda wa kuuliza haukuwepo. Nasike naye alinakili. Kidogo kidogo herufi zikaanza kuogelea. Shida yake ndiyo hiyo, na hakuwa ameijua mpaka siku ile: ukimnyang'anya mikono kazi, kichwa nacho hulala.

Akalala, na akakoroma.

"Mum," alisikia sauti ya Macharia ikimjia kwa mbali, "kama umechoka sana unaweza kwenda kupumzika nyumbani, hatutakasirika."

Walicheka tena. Nasike alitamani sakafu ya senta ipasuke imwangushe huko chini kwenye magodoro. Msichana aliyekaa kando yake, Shiko, aliyekuwa akirudia mtihani kwa mara ya pili na nywele zake zikilia kufumuliwa, alimsogezea daftari akanong'ona:

"Usijali, mathe. Hata mimi hulala hapa daily. Ni vile nimejifunza kulala macho ikiwa wazi."

Angalau siku hiyo alipata rafiki.

Wiki tatu alienda bila kukosa. Mchana kibanda kikawa kimefungwa, na wateja si watu wa kungoja. Akirudi jioni aliwaona wateja wake mwenyewe wameketi kwa msusi wa ng'ambo ya barabara, wakimsalimia kwa kuangalia chini. Hayo angeyavumilia. Lililomkata maini ni jaribio la Biolojia. Macharia alikuwa na desturi ya kurudisha karatasi akianzia aliyeshinda mpaka wa mwisho, jina na alama, kwa sauti. Nasike alingoja. Majina yakaendelea kutoka. Alipoitwa yeye, zilikuwa zimebaki karatasi chache sana mkononi mwa mwalimu, na alama zake zilikuwa chini kuliko zile alizokuwa akijipatia kibandani mwezi wa pili.

Alikuwa anarudi nyuma. Watu wamenunua kwa jasho lao jambo linalomrudisha nyuma, na wanamwita nesi.

*

Jioni ile alimngojea Wabuge amalize kunawa mikono. Mtoto wao Nanzala alikuwa ameshakula, amekwenda kucheza kwa jirani.

"Baba Nanzala, naacha tuisheni."

Wabuge aliacha tonge katikati ya njia. "Unaacha nini?"

"Umesikia."

"Kanisa limechanga, Mama Nanzala! Nitawaambia nini? Unataka niaibike?"

"Kuaibika ulijitafutia. Mimi ndiye nimekuwa nikiaibika kule kila siku, naitwa mum, naamshwa usingizini kama mlevi. Na nitafeli, Baba Nanzala. Hiyo ndiyo unataka? Nifeli na walimu wa digrii?"

"Lakini mtu wa kukufundisha..."

"Mimi sikutaka mtu wa kunifundisha! Nilitaka mtu wa kuniuliza. Jioni ngapi nimekubembeleza uniulize maswali? Mawili tu! Wewe macho, wewe habari, wewe jirani. Ungekuwa unaniuliza, hakuna mtu angetoa hata shilingi yake."

  Wabuge alirudisha tonge kwenye sahani, akaipangusa mikono polepole, kidole kwa kidole.

"Hicho kitabu ni cha Kiingereza," alisema.

"Si najua."

"Biblia ya Kiswahili nasoma. Gazeti nasoma. Lakini Kiingereza..." Alikohoa. "Mimi niliachia darasa la tano."

Nasike alimkodolea macho. Wazee wa ukoo wa Wabuge walipokuja kwao Nasike, Kimilili, kuzungumza mahari, walimwambia baba yake waziwazi kwamba kijana wao alifika Form Two. Form Two! Baba yake alikuwa amepunguza ng'ombe kwa kiburi cha kupata mkwe msomi. Na miaka yote hii Nasike amekuwa akijivunia Form Two hiyo mbele ya dada zake.

"Wazee walisema..."

"Wazee walisema. Mimi nilinyamaza. Ningesema nini, nikukose?" Sasa hakuwa akimtazama. "Yale maneno yenu ni marefu. Nikuulize vibaya, uanze kunionea huruma? Nikasema afadhali huyo wa digrii asimame mbele yako. Yeye hatakosea."

Nasike alitaka kucheka, kisha akataka kulia, kisha akakumbuka ng'ombe wa mahari akataka kumrushia mwiko. Mwishowe alichukua sahani yake akamwongezea ugali. Alimpenda yule mtu siku hiyo kuliko siku ya koti la harusi, basi tu.

"Lakini kanisani," alimwambia, "nitasema mimi."

*

Kugeuza mchango si jambo dogo kwa watu wetu. Mtu akikutolea mbele za watu, pesa ile huwa imekwisha kuwa neno lake, na ukiigeuza ni kama umemwambia neno lake halitoshi. Nasike alijua. Jumapili alikaa mbele kabisa, asipate njia ya kutoroka. Wabuge naye hakuvaa koti.

"Nimeacha tuisheni," Nasike alisema aliposimama mbele, kwa sababu hakupata njia nyingine ya kulisema. "Siku nilizoenda sijafaidika nazo. Walimu ni wazuri, ila mimi nasoma vizuri nikiwa kazini. Pesa ya muhula tumeshalipa, na iliyobaki iko kwa Mama Mildred. Naomba mniruhusu itumike kwa vipindi vya Jumamosi peke yake, vya maabara kule senta, kwa sababu yale majaribio ya Kemia siwezi kuyafanya kwa kibanda. Mengine nitasoma mwenyewe."

Kanisa lilipoa. Hakuna amina. Mzee mmoja wa kanisa alisema kutoka alipoketi, bila kusimama, "Sisi tulichangia mtu kuenda darasa. Hatukuchangia mtu kukaa saluni." Na watu kadhaa wakaguna wakikubaliana naye.  Wabuge aliinuka nusu, akakaa, hakujua ashike wapi.

Hapo Mildred alisimama. Wengi waliinamisha vichwa, maana Mildred akisimama mara nyingi kuna mtu anayeumia.

"Swali langu ni moja," alisema kwa ile sauti yake kavu. "Kule senta kuna mwalimu anakuangalia. Kwa kibanda, sisi tuliotoa tutajuaje kama unasoma?"

Jibu lilimtoka Nasike kabla hajalipima. "Mje mniulize, Mama."

Mildred alikaza kitambaa chake kichwani. "Sawa," akasema, akaketi.

*

Jumanne asubuhi, Mildred alikuwa mlangoni pa kibanda na miwani yake kwenye kasha. Alikataa chai. Aliangalia barabara pande zote mbili, akasukuma mlango ukafungika nusu, akaketi kwenye kiti cha mteja na kufungua kitambaa.

Nywele zake zilikuwa haba, na juu ya paji pamekuwa peupe, dawa ya kulainisha ilimuunguza miaka mingi iliyopita na hakuna kilichoota tena. Nasike alielewa kile kitambaa cha miaka yote.  Alichukua kitana chenye meno mapana, akaanzia nyuma, taratibu.

"Usivute."

"Sivuti, Mama."

"Na usiende kusema kwa mtu."

"Nitasema saa ngapi, Mama, na nitakuwa najibu maswali?"

Mildred alitoa sauti ambayo kwa mtu mwingine tungeiita kicheko. Akavaa miwani, akafungua kitabu cha Biolojia, na hapo ndipo Nasike alipojua tuisheni ni nini hasa. Yule mama alikuwa amewahi kuwa karani wa ofisi ya kiwanda, Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka, na huruma hana.

"Kazi za ini."

Nasike alizitaja.

"Umesema nne. Kitabu kina zaidi."

"Hizo nyingine sizikumbuki, Mama."

"Basi tunakaa hapa mpaka uzikumbuke. Mimi sina haraka."

Habari zilitembea. Wiki iliyofuata walikuja kina mama wengine wa kanisa, wawili wawili, wengine kwa kusukwa kweli, wengine kwa kuhakikisha mchango wao unafanya kazi. Waliokuwa hawasomi Kiingereza walishika karatasi za Kiswahili, na Biblia kwa somo la dini. Yule mzee aliyesema maneno ya saluni alimtuma mke wake, halafu akawa anapita nje mwenyewe akiuliza, "Amejibu?" Shiko alihamia kibandani kila alipotoka senta, akafumuliwa zile nywele hatimaye, akasukwa mistari ya kwenda nyuma, na kwa malipo akawa anamfundisha Nasike hesabu kwa Sheng. Ninaweza kukuambia kwamba pembetatu zikielezwa kwa Sheng huchekesha, lakini hukaa. Wateja waliokimbilia ng'ambo nao wakarudi, kwa sababu kwa msusi yule hakukuwa na vichekesho. Kwa jumla Nasike alikuwa na raha, na raha ile ilimshangaza, kwani alikuwa amezoea kudhani kusoma ni kitu cha kuteseka.

Wabuge ndiye aliyechelewa. Alikuja jioni, akasimama kizingitini, akaondoka. Siku nyingine akaja na makaa ambayo hayakuwa yameagizwa. Siku moja kibanda kilipokuwa kitupu, Nasike anajisuka mwenyewe mbele ya kioo, Wabuge aliingia akaketi, akachukua kitabu mwenyewe bila kuambiwa. Alikishika kama kinachoweza kumuunguza. Alisoma swali moja, akilivunjavunja vipande, akirudi nyuma, jasho likimtoka. Lilichukua muda. Nasike hakumkatiza, hakumsahihisha, hakumtazama hata kwenye kioo. Alipofika mwisho, Nasike alijibu.

"Ni sawa?" Wabuge aliuliza.

"Mimi nitajuaje? Mwenye kitabu ni wewe."

Akatafuta jibu, kidole kikitambaa kwenye mstari. "Ni sawa," akasema. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, "Ngoja nikuulize lingine."

Mwanzoni Nanzala alikuwa akimsahihisha baba yake, naye alikuwa akimwambia asante. Kufika mwezi wa kumi hakukuwa na la kumsahihisha sana.

*

Matokeo yalitoka Januari, siku ya kazi, kibanda kimejaa. Nasike alikuwa katikati ya kichwa cha Shiko, mikono imelowa mafuta mpaka viwiko, simu ilipolia kwenye rafu, ujumbe umeingia. Kila mtu aliacha kuongea. Mildred, aliyekuwa anangoja zamu yake, alinyoosha mkono aichukue.

"Mwacheni Baba Nanzala," Nasike alisema.

Wabuge alikuwa amekuja kula chakula cha mchana. Alifuta viganja kwenye ovaroli, akachukua simu, akaisogeza mbali na macho kisha karibu. Mle ndani mlikuwa na karani mstaafu, wasichana waliomaliza shule, na mke wa mzee wa kanisa. Nasike alimwona mumewe akiwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, na moyo ukampiga kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya mtihani.

Wabuge alisafisha koo.

"English, C plus. Kiswahili, B minus." Hakuvunja neno. "Mathematics, D plus."

"Woi," alisema Shiko. "Na vile nilikufundisha, mathe!"

"Nyamaza wewe. Chemistry, C minus. History and Government, C plain. Christian Religious Education, C plain. Biology..."  Nasike alifumba macho. "Biology, B plain."

"Na jumla?" Mildred alidai. "Jumla ni ngapi?"

"Mean grade," alisoma Wabuge, na sauti ikamgoma, akaanza upya, "mean grade, C plain."

Kwa sekunde moja hawakuelewa, halafu vigelegele vikapasua mabati. Mke wa mzee alikuwa anaruka, Shiko amesimama rasta nusu kichwa, na Nasike amesimama palepale na mikono yake ya mafuta hewani, analia bila kujifuta kwa sababu hana cha kujifutia.

Mildred peke yake hakuinuka. Aligonga mkono wa kiti mpaka wakanyamaza.

"Wabuge," alisema, "kuna makelele hapa, sikusikia vizuri. Soma tena."

Na Wabuge akarudi juu kabisa, akaanza na jina la mke wake, akasoma yote tena kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika barabarani.